Niliamka nimefunikwa

Bwana asifiwe ndugu zangu. Wazee wangu shikamooni, vijana habari zenu, na ndugu zetu Waislamu mlioungana nasi leo, asalaam aleikum. Nimeombwa niongee kuhusu kuutambua uwepo wa Mungu kwenye maisha ya kila siku, na nilivyopewa hii mada nilikaa nayo wiki nzima sijui nianzie wapi, maana mimi si mchungaji wala sijasomea theolojia, ni muumini tu wa kawaida. Halafu nikakumbuka shuka. Kwa hiyo naanzia hapo kwenye shuka.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mzazi alilazwa, hali ilikuwa mbaya. Ule ulikuwa usiku wa tatu. Mama yuko wodini, sisi wauguzaji haturuhusiwi kulala ndani, tuko kwenye korido, kwenye mabenchi ya chuma yale yenye matundu matundu, baridi inakupanda kutoka chini mpaka inaingia kwenye mifupa, na juu kuna taa ya tyubu inazima inawaka inazima inawaka. Nilikuwa nimeomba mpaka maneno yameisha, yaani nafumba macho nasema "Mungu wangu" halafu hakuna kinachofuata. Na nilikuwa na hasira naye, niwaambie ukweli, nilijiona kama mtu anayempigia simu ndugu yake, simu inaita vizuri tu na haipokelewi.

Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja, umri wa shangazi yangu hivi. Nilimwamkia akaitikia marahaba, basi, hatukuongea kingine, kila mtu na mzigo wake. Alikuwa na mfuko wa nguo na juu ya mfuko kuna shuka imekunjwa vizuri, ya bluu iliyopauka, pindo lake lilikuwa limefumuka mahali likashonwa upya kwa mkono na uzi mweupe. Naikumbuka hiyo mishono kwa sababu niliikodolea macho muda mrefu, unajua ukiwa umechoka sana macho yanakamata kitu kimoja yanaganda hapo hapo.

Usingizi ukanipitia. Nikaja kushtuka kama saa kumi alfajiri, na kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini ni joto. Nimefunikwa. Ile shuka ya bluu iko juu yangu kuanzia mabegani, na kule chini imekunjwa ikaingizwa chini ya miguu yangu, vile unavyomfanyia mtoto mdogo ili akijigeuza isimtoke. Hapo kwenye miguu ndipo paliponimaliza. Kumfunika mtu ni jambo moja, unaweza kumrushia shuka ukaendelea na mambo yako, lakini kuinama, umchomekee miguuni polepole asiamke, mtu humjui jina, na wewe mwenyewe una mgonjwa wako humo ndani!

Nikageuka, mama hayupo. Mfuko haupo. Nikamuuliza nesi, yule mama aliyekuwa amekaa hapa yuko wapi, akasema wameshaondoka, usiku usiku. Sikuthubutu kuuliza wameondoka kwa namna gani. Mpaka leo sijui.

Sasa kwenye Mwanzo sura ya 28 kuna Yakobo, anamkimbia kaka yake, usiku umemkuta njiani, kachukua jiwe kafanya mto, akalala. Akiwa usingizini anaota ile ngazi na malaika wanapanda na kushuka. Akaamka akasema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Huo mstari nimeusikia tangu nikiwa mtoto, ila asubuhi ile niliusikia kama vile mtu ameuchapa kwenye meseji akanitumia mimi. Alisema yupo. Hakusema atakuja, wala hakusema amefika sasa hivi baada ya mimi kuamka. Alikuwepo muda wote nilipokuwa nimelala, na mimi sikujua. Sauti sikuisikia, malaika sikumwona. Nilichopata mimi ni shuka iliyochomekwa miguuni, na hiyo ikatosha kunijulisha kwamba ile simu ilikuwa imepokelewa kitambo.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja tu, vingine vyote vinazunguka hapo hapo. Sisi tunadhani mtu anamtambua Mungu kwanza halafu ndiyo anakuwa mwema kwa watu. Mimi nimekuja kuona kwamba mara nyingi ni kinyume chake, wema unatangulia, hata wema mdogo kabisa, hata wa mtu ambaye hata hafikirii mambo ya Mungu muda ule, halafu utambuzi unakuja nyuma yake, tena unakuja umechelewa.

Angalieni wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, Luka 24. Wanatembea stadia 60, kama kilomita 11 hivi, na Yesu mwenyewe anatembea nao na hawamtambui. Na siyo kwamba alikaa kimya! Aliwafundisha, akaanzia Musa akapita kwa manabii wote, yaani lile ndilo somo la Biblia kubwa kuliko yote, mwalimu ni yeye mwenyewe anayeongelewa, na bado macho yao yamefumbwa. Mimi kama mtu ninayependa sana mahubiri hapa huwa nanyamaza kidogo. Wakafika kijijini, yeye akafanya kama anaendelea na safari, na wao wakafanya kitu cha kawaida kabisa ambacho yeyote kati yetu anaweza kukifanya, wakamwambia bwana jua limeshazama, kaa na sisi. Basi. Hawakumwambia kaa nasi Bwana tumekutambua, walikuwa wanamwonea huruma mgeni asitembee gizani. Wakaingia ndani, mkate ukamegwa, na ndiyo macho yakafumbuka. Tena kufumba na kufumbua hayupo. Halafu sasa ndiyo wanaanza kuambiana, hivi wewe moyo haukuwa unawaka kule njiani? Wakati wako njiani hakuna aliyesema moyo unawaka, wameligundua hilo baadaye. Hebu fikirieni wangemwacha apite. Wangelala salama, asubuhi wangesimulia tulikutana na mgeni mmoja anajua maandiko balaa, na ingeishia hapo.

Na Mathayo 25 ndiyo kabisa. Tunapenda kuisoma ile kama orodha ya majukumu, lisha mwenye njaa, karibisha mgeni, tembelea mgonjwa na mfungwa, na ni kweli ni majukumu. Ila mimi kinachonishika ni mshangao wa wale wenye haki. Wanaambiwa nalikuwa mgeni mkanikaribisha, na wao badala ya kusema ndiyo Bwana tulikuona, wanauliza lini? Lini tulikuona? Hawajui! Wamefanya yote yale bila kujua walikuwa wanamfanyia nani. Nadhani ndiyo maana yanahesabiwa. Kama mtu anamsaidia mgeni huku anamchungulia kama ana mabawa, huyo hamsaidii mgeni, anawinda malaika. Waebrania wanasema wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua, na hilo "pasipo kujua" lipo pale kwa sababu yake.

Na Waislamu mliopo hapa mnaijua ile hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu aliyoyasimulia Mtume, iliyomo kwenye mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim, ambapo siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu anamwambia mwanadamu niliugua na hukuja kunitazama, mja anashangaa nitakutazamaje na wewe ndiye Mola wa walimwengu wote, anaambiwa mja wangu fulani aliugua, hukujua kwamba ungekwenda kumtazama ungenikuta kwake? Ungenikuta kwake! Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenisimulia hiyo, tukiwa tumekaa nje ya hospitali ile ile, na nikaona kumbe sisi wawili tunaosali tofauti tumeelekezwa kwenye kitanda kimoja.

Sasa kama ni rahisi hivyo mbona hatuoni? Kuna watu watasema dhambi, wengine watasema imani ndogo, na sitabishana nao. Ila kwa upande wangu naona adui mkubwa ni haraka tu. Haraka ya kawaida, ya kuangalia saa.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti walioufanya kule Princeton, Marekani, kwa wanafunzi wa seminari, yaani watu wanaosomea uchungaji. Walikuwa 40. Kila mmoja aliambiwa aende jengo lingine akatoe hotuba fupi, baadhi hotuba yao ilikuwa ni juu ya Msamaria mwema, ule mfano wa Luka 10. Wakagawanywa, kuna walioambiwa umeshachelewa wanakusubiri kimbia, kuna walioambiwa nenda moja kwa moja wako tayari, na kuna walioambiwa bado una dakika kadhaa ila unaweza kuanza kwenda. Njiani wakawekewa mtu amejikunja kwenye mlango, anakohoa na kugugumia kama mgonjwa. Wale wasio na haraka asilimia 63 walisimama kumsaidia. Wale wa katikati asilimia 45. Wale wenye haraka, asilimia 10. Kumi! Na mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana, kuna waliokuwa wanakimbilia kuhubiri Msamaria mwema na wakamruka yule mtu wakapita.

Nilipousoma ule utafiti sikucheka kama wengine wanavyocheka, kwa sababu mimi nimeshakuwa mmoja wao. Kuna siku nilikuwa nawahi kikao cha maandalizi ya ibada, nimechelewa dakika kama ishirini, akanisimamisha mzee mmoja ameshika karatasi mkononi, akasema samahani mwanangu naomba unisomee hapa, macho yangu hayaoni vizuri. Nikamwambia nisamehe mzee nina haraka, muulize mwingine. Nikapita. Nilivyofika mbele nikageuka nikamwona bado amesimama pale pale, karatasi ameinyanyua juu karibu na uso, anaigeuza kuitafutia mwanga. Na nikaendelea na safari. Hiyo karatasi ilikuwa inasema nini? Inawezekana ni anwani tu, inawezekana ni majibu ya vipimo vyake. Ingenichukua dakika moja. Kikao chenyewe kilichelewa kuanza, nilikaa nusu saa namsubiri mwenyekiti na ile karatasi iko kichwani kwangu, na ningeweza kurudi, sikurudi. Nasimulia hili kwa uchungu kwa sababu nadhani kuna wengi hapa mna mzee wenu na karatasi yake.

Lakini pia siyo kila haraka ni mbaya, na hili nimeligundua juzi tu nikijiandaa. Rudini Mwanzo 18. Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema, mchana, jua kali, na sura iliyotangulia inasema ana miaka 99 na ametoka kutahiriwa, jamani, mzee wa miaka 99 mwenye kidonda. Akainua macho akaona watu watatu wamesimama. Biblia inasema alipiga mbio kuwalaki! Akakimbia tena kwa Sara akamwambia fanya hima, akakimbia kwenye kundi la ng'ombe, kila mtu pale nyumbani anakimbizana. Na wageni aliwaahidi kitu kidogo tu, maji ya kunawa miguu na kipande cha mkate, halafu akawachinjia ndama. Rebeka naye kule kisimani hivyo hivyo, anafanya haraka kutua mtungi, anapiga mbio kisimani kuwachotea ngamia 10 wa mtu asiyemjua, na ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100, pigeni hesabu wenyewe. Kwa hiyo haraka wote wanayo, yule mseminari na Ibrahimu. Mmoja haraka yake inamtoa kwa mgeni, mwingine haraka yake inampeleka kwa mgeni. Tangu nilipoona hilo nimeacha kuomba Mungu anipunguzie mambo ya kufanya, naomba anigeuze uso tu.

Na tukisema vitu vidogo tunamaanisha vidogo kweli. Kumwambia mtu dada zipu ya begi lako iko wazi. Kumpisha nafasi kidogo kwenye benchi mtu aliyesimama. Kumwazima mtu simu yako apige kwao aseme nimefika, halafu usimsimamie kichwani unahesabu sekunde. Kumwelekeza mgeni njia na kutembea naye mpaka ile kona inayochanganya badala ya kunyoosha kidole tu. Kumshikia mtoto mama anayehangaika kujaza fomu. Kumwita mlinzi wa getini kwa jina lake kwa sababu uliwahi kumuuliza. Kuondoa jiwe au msumari njiani, ambayo Mtume Muhammad aliihesabu kuwa ni sadaka, na wala huyo atakayepita baadaye hatajua kwamba kulikuwa na msumari. Hiyo ya msumari naipenda kuliko zote, mtu unayemtendea wema hata bado hajafika.

Nina ombi moja hapa, na nalisema kwa upendo kwa wadogo zangu. Tuache kuwapiga picha watu tunaowasaidia. Mtu amepokea msaada siku yake ngumu kuliko zote, na uso wake unazunguka kwenye simu za watu wasiomjua. Yule mama wa korido angenipiga picha nimelala mdomo wazi akaiposti na maneno mazuri chini yake, ile shuka isingenipa joto. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume, sasa sisi wa kuume unatoa wa kushoto unarekodi.

Kuna kisa cha zamani naomba nikisimulie haraka. Karne ya nne huko Ufaransa ya leo, mji wa Amiens, askari kijana anaitwa Martin, hata ubatizo bado hajapata, alikutana na maskini hana nguo kwenye lango la mji wakati wa baridi kali. Hakuwa na kitu kingine, akachomoa upanga akakata joho lake vipande viwili, akampa nusu. Waliokuwa pale baadhi yao walimcheka, amebaki na nusu joho anaonekana kituko. Usiku ule akaota ndoto, Kristo amevaa ile nusu, anawaambia malaika ni Martin ndiye aliyenivika. Baadaye akaja kuwa askofu wa Tours. Na lile joho wafalme walilitunza, mahali lilipotunzwa pakaitwa kwa neno la Kilatini cappella, yaani kijoho, na kutoka hapo ndipo lugha kadhaa za Ulaya zilipopata jina la kanisa dogo la kusalia. Mnaona? Nyumba ya ibada imepewa jina la kitambaa alichopewa mtu asiyejulikana jina. Nikiingia kwenye kikanisa chochote sasa hivi nawaza shuka.

Mtaniuliza mama yangu ilikuwaje. Mama alipona, namshukuru Mungu, aliishi miaka mingine na sisi. Lakini sipendi kusema kwamba alipona kwa sababu ya lile jambo la shuka, maana sijui yule mama mwingine mgonjwa wake alipona au la, na sitaki Mungu wangu awe ni wa wale tu waliotoka wodini wanatembea. Uwepo wake niliuona kabla daktari hajaja na habari yoyote, saa kumi alfajiri, mambo yakiwa bado mabaya vile vile. Kama mama angefariki siku ile bado ningekuwa nimefunikwa.

Shuka niliifua, nikaikunja, nikarudi nayo kwenye ile korido siku tatu tofauti nikimtafuta. Hakuwepo, wala manesi hawakumkumbuka, wanaona watu wengi. Nikaiweka kabatini miaka, sikuwahi kuitumia, nilikuwa naiona kama si yangu.

Mwaka jana nilikuwa stendi usiku nasubiri basi, limechelewa, baridi, na kwenye begi nilikuwa nimeiweka ile shuka, sijui hata kwa nini siku hiyo niliibeba. Upande wa pili kulikuwa na binti amelalia mizigo yake, wa miaka kumi na nane hivi, amejikunja mikono ameiingiza katikati ya magoti. Nilikaa kama dakika kumi najishauri. Nikainuka nikamfunika. Nikafika kwenye miguu nikasimama, nikaona aibu kidogo, halafu nikainama nikamchomekea.

Hakuamka. Basi likaitwa, nikapanda. Nikiwa dirishani nikamwona amegeukia upande mwingine, ameivuta shuka mpaka sikioni.